Lugha ya Mikono

Hapo zamani watu wengi wa Ulaya walidhani ya kuwa mtoto kiziwi hawezi kufundishwa. Kwa kuwa hasikii wala hasemi, walimhesabu kuwa hana akili. Yapata mwaka 1760 kasisi mmoja Mfaransa, jina lake Abbé de l'Épée, alianza kufundisha viziwi mjini Paris. Aliona ya kuwa wana njia yao ya kuzungumza kwa mikono, naye hakuidharau. Alijifunza kwao kwanza, ndipo akawafundisha kusoma na kuandika.

Katika shule hiyo alisoma Laurent Clerc, naye kiziwi. Mwaka 1816 alipanda merikebu kwenda Marekani pamoja na Thomas Gallaudet, na mwaka uliofuata wakafungua shule ya viziwi huko Hartford. Clerc alifundisha humo zaidi ya miaka 40.

Mwaka 1880 mambo yaligeuka. Walimu 164 walikutana Milan, nchi ya Italia, kushauriana habari za viziwi, na karibu wote walikuwa watu wenye kusikia. Wakaazimia ya kuwa viziwi wafundishwe kwa midomo tu, yaani watazame midomo ya mwalimu na kujizoeza kutoa sauti wasiyoisikia. Basi katika shule nyingi lugha ya mikono ikakatazwa, na walimu viziwi wakapoteza kazi. Watoto walioonekana wakizungumza kwa mikono waliadhibiwa, hata wengine walifungwa mikono yao. Wengi wa wale wakubwa walikusudia mema, maana hawakutaka viziwi watengwe na watu. Lakini wenyewe hawakuulizwa.

Tena kusoma midomo si kazi rahisi. Mtu asimame mbele ya kioo, aseme pasipo sauti "baba", kisha "mama", kisha "papa". Ataona midomo yake yafanya namna moja mara zote tatu! Asikiaye hupambanua kwa masikio. Kiziwi hana budi kubahatisha, na huku somo laendelea. Hivyo wengi walimaliza miaka yao ya shule wakijua kutamka maneno machache, na elimu nyingine wakaipata kidogo tu.

Walakini lugha ile haikufa. Mabwenini na viwanjani, mwalimu alipogeuka, watoto wakubwa waliwafundisha wadogo. Mwaka 1960 mtaalamu wa Marekani, William Stokoe, alionyesha ya kuwa ishara za viziwi wa nchi yake ni lugha kamili yenye kanuni zake. Hata mwaka 2010 walimu wa viziwi walipokutana Vancouver, nchi ya Kanada, waliyakataa maazimio ya Milan, wakaeleza majuto yao. Mwaka huo huo Kenya ilipata Katiba mpya, nayo yaitaja Lugha ya Ishara ya Kenya kuwa lugha rasmi ya Bunge, pamoja na Kiswahili na Kiingereza.