Je, Wajua? Anayeziba Masikio Hadeki

Je, wajua kwamba mtoto huanza kuonja mapishi ya mama yake kabla hajazaliwa? Mwaka 2001 Julie Mennella na wenzake wa kituo cha Monell, Philadelphia, walieleza habari za akina mama waliokunywa juisi ya karoti katika miezi ya mwisho ya ujauzito. Watoto wao walipoanza kulishwa, uji wenye ladha ya karoti uliwakunjisha sura mara chache kuliko watoto ambao mama zao walikunywa maji tu.

Mtoto ambaye hajatimiza hata siku tatu anaijua sauti ya mama yake, na atahangaika ili aisikie. DeCasper na Fifer walilionyesha hilo mwaka 1980: walimpa mtoto chuchu bandia iliyounganishwa na kinasa sauti, naye akabadili mwendo wa kunyonya ili sauti ya mama iendelee badala ya sauti ya mwanamke mwingine.

Je, wajua kwamba mpaka miaka ya 1980 watoto wachanga walipasuliwa wakiwa na dawa kidogo mno ya maumivu, au bila dawa kabisa? Madaktari wengi waliamini kwamba neva za kichanga hazijakomaa kiasi cha kuumia. Njiti aliyehitaji upasuaji karibu na moyo alipewa dawa ya kulegeza misuli na gesi hafifu ya usingizi, basi. Misuli ikishalegezwa hakuna kurusha mguu wala kulia. Daktari kijana Kanwaljeet Anand, akiwa Oxford, akaamua kuiuliza damu. Alipima homoni za msongo, na mwaka 1987 yeye na wenzake wakachapisha jibu: watoto waliopata dawa halisi ya maumivu walikuwa na msongo mdogo zaidi na matatizo machache baada ya upasuaji. Tangu hapo hospitali zikaanza kubadilika. Naitaja habari hii kila ninapopata nafasi, kwa sababu kosa lile bado linaishi majumbani mwetu kwa sura nyingine: mtu anahisi, na sisi tunamwambia hahisi.

Milango ya fahamu si mitano. Ndani ya sikio kuna kiungo kinachoujulisha ubongo kama umeinama, unazunguka au unaanguka. Kwenye misuli na maungio kuna vipokezi vinavyokuambia mkono wako uko wapi hata ukifumba macho. Anayezungumziwa zaidi hapa ni A. Jean Ayres wa California (1920–1988), mtaalamu wa tiba kwa vitendo, ambaye mwaka 1972 alitoa kitabu kilichoeleza kwamba baadhi ya watoto wanaoshindwa darasani wana shida ya kuunganisha taarifa hizi zote. Kwetu Tanzania, fani yake hufundishwa katika hospitali ya KCMC, Moshi.

Je, wajua kwamba mtoto anayepiga kelele akichanwa nywele na yule anayejigonga ukutani kwa raha wanaweza kuelezwa kwa kipimo kimoja? Mwaka 1997 Winnie Dunn alipanga watu katika makundi manne: wasiogundua, wanaotafuta, wanaohisi mno, na wanaokwepa. Wa kwanza utamwita mara tatu asigeuke. Wa pili hakai kitini. Wa tatu hukwaruzwa na lebo ya shati kutwa nzima, akili isiende kwingine. Wa nne anaijua saa ya kengele ya shule na hutoka nje mapema. Kipimo cha Dunn kina toleo la watu wazima pia, maana mtoto huyo hukua, akaolewa, akaalikwa harusini na kukalishwa kando ya spika.

Wataalamu hawajakubaliana kama shida hii ya kuunganisha taarifa za fahamu ni ugonjwa unaojitegemea. Mwaka 2012 chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kiliwashauri wanachama wake wasiitoe kama utambuzi peke yake. Ubishi huo ni wa jina la hali, na haumwondolei mtoto karaha ya lebo ya shati lake.

Kwenye usonji mambo yako wazi zaidi. Leo Kanner, alipowaeleza watoto 11 huko Baltimore mwaka 1943, aliandika jinsi sauti za mashine za kawaida za nyumbani zilivyowatia hofu. Ikapita miaka 70 kabla mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani, toleo la 2013, haujataja waziwazi kuhisi kupita kiasi au chini ya kiasi miongoni mwa dalili.

Temple Grandin, mwenye usonji, aliona kwenye ranchi ya shangazi yake huko Arizona ng'ombe wakitulia wanapobanwa pande mbili ili wachanjwe. Akiwa kijana alijitengenezea mashine ya mbao ya kumbana yeye mwenyewe, ikamtuliza. Leo ni profesa wa sayansi ya wanyama.

Ngozi yenye vinyweleo ina neva maalumu za kupapaswa. Huitika vizuri zaidi mkono ukipita sentimita 1 hadi 10 kwa sekunde, na wazazi huipata kasi hiyo bila kufundishwa.

Je, wajua kwa nini bibi husema, "Nakusikia, ila sikuelewi"? Uzee huanza kuiba sauti nyembamba, na humo ndimo zinamokaa herufi kama s, f na th. Ukimfokea unakuza irabu tu. Zima redio, mkalie uso kwa uso, sema taratibu.

Jicho la mwenye miaka 60 hupokea takriban theluthi moja ya mwanga unaoingia kwenye jicho la mwenye miaka 20. Ongeza balbu ngazini.

Mweko mmoja wa taa ukiambatana na milio miwili mifupi, wengi huapa wameona miweko miwili. Watafiti wa Dublin waligundua mwaka 2011 kwamba wazee wanaoangukaanguka hudanganyika hivyo kuliko wenzao: ubongo wao unachelewa kutenganisha kilichosikika na kilichoonekana.

Na pua? Chuo Kikuu cha Chicago kiliwanusisha watu wa miaka 57 hadi 85 harufu tano: waridi, ngozi, samaki, chungwa na peremende. Baada ya miaka mitano, waliopoteza kabisa uwezo wa kunusa walikuwa wamefariki asilimia 39. Waliokuwa na pua nzima, asilimia 10. Si kwamba pua inaua. Seli za kunusa hujizalisha upya maisha yote, na huenda kukwama kwake kunaonyesha mwili mzima umechoka kujikarabati. Mwenyewe mara nyingi hajui kwamba zimekwama. Kama mzee wenu anapika kwa gesi, mwingine nyumbani awe ananusa mtungi, na maziwa ya jana pia.