Ukienda Kunduchi, Uliza Mwezi Kwanza

Mgeni anayefika Kunduchi saa tano asubuhi, siku mbili baada ya mwezi mpevu, hukuta bahari imeondoka. Mchanga umeenea mbali, ngalawa zimelala ubavu, na pale alipotarajia kuogelea wapo akina mama wenye ndoo na fimbo wakitafuta pweza na chaza. Akirudi wiki moja baadaye, saa ile ile, atakuta maji yamejaa, yametulia, na watoto wanaogelea hatua chache kutoka kwenye minazi. Ufukwe ni ule ule. Kilichobadilika ni mwezi.

Kila mwisho wa juma maelfu ya watu hutoka katikati ya Dar es Salaam, na wengine mikoani, kwenda mwambao huu wa kaskazini, kuanzia Rasi ya Msasani, Kawe na Mbezi hadi Kunduchi. Wanapanga nauli, chakula na nguo za kubadilisha. Ni wachache wanaopanga maji. Nami nasema bila kusita kwamba hilo ndilo la kupangwa mwanzo, kwa sababu ndilo linaloamua kama siku itakuwa ya kuogelea, ya kutembea au ya kukaa kivulini, na mara nyingine ndilo linaloamua kama wote waliokwenda watarudi.

Bahari yetu hujaa mara mbili na kupwa mara mbili katika muda wa saa 24 na dakika 50 hivi. Zile dakika 50 zinatokana na mwendo wa mwezi: dunia ikishamaliza mzunguko wake mmoja, mwezi nao umesogea mbele, hivyo dunia inahitaji muda kidogo zaidi kuufikia. Ndiyo maana maji ya leo hayajai saa ya jana. Mwezi ukiandama au ukipevuka, nguvu yake ya uvutano na ya jua hushirikiana katika mstari mmoja; siku moja au mbili baadaye tunapata bamvua, maji yanayopanda sana na kushuka sana. Katika mwambao wa Dar es Salaam, tofauti kati ya kujaa na kupwa wakati wa bamvua huzidi mita 3, na bamvua la karibu na Machi na Septemba huwa kubwa kuliko mengine. Mwezi ukiwa nusu, jua na mwezi huvuta pande mbili tofauti, na hapo huja maji mafu, ambayo tofauti yake ni kama mita 1 tu.

Wavuvi wetu wana hesabu ambayo mgeni yeyote anaweza kuichukua bila kifaa chochote. Katika pwani hii, siku za mwezi kuandama na kupevuka, maji hujaa mnamo saa kumi, alfajiri na alasiri, na hupwa mnamo saa nne, asubuhi na usiku. Kutoka hapo ongeza kama dakika 50 kwa kila siku inayopita. Ukifika kwenye mwezi nusu, mambo yamegeuka: maji yanajaa saa nne na kupwa saa kumi. Si hesabu ya nahodha wa meli, maana yeye anahitaji jedwali la maji lenye dakika kamili, lakini kwa mtu anayetaka kujua atoke nyumbani saa ngapi na watoto wake, inatosha.

Tazama sikukuu. Idd el-Fitri huangukia Mosi Shawali, mwezi ukiwa umeandama tu, kwa hiyo kila mwaka inakuja na bamvua. Familia zinazofika ufukweni saa nne au saa tano asubuhi zitakuta maji yamekupwa, kisha yataanza kurudi kwa nguvu mchana na kufikia kilele kati ya saa kumi na saa kumi na moja jioni, wakati ambapo umati ni mkubwa zaidi na wazazi wamechoka. Idd el-Hajj huwa tarehe 10 Dhulhija, siku chache baada ya mwezi nusu. Maji yake ni madogo, na hujaa karibu na adhuhuri. Kwa mzazi mwenye watoto wadogo, hiyo ya pili ndiyo sikukuu ya kwenda baharini. Ya kwanza ni ya kwenda mapema, kutembea kwenye mwamba, na kuwa macho kuanzia saa nane.

Nakawia kidogo hapa kwenye maji yanayorudi, kwa sababu watu hawayaelewi. Bahari haijai kwa mwendo mmoja. Chukua bamvua la mita 3 na sentimita 60, linalochukua saa sita kujaa. Saa ya kwanza maji hupanda kama sentimita 30, na mtu aliyesimama kwenye fungu la mchanga akipiga picha haoni tofauti. Saa ya pili yanapanda sentimita 60. Saa ya tatu, sentimita 90, na saa ya nne, sentimita 90 nyingine. Ndani ya saa hizo mbili za katikati bahari imepanda kimo cha mtu mzima. Tena haiji kutoka mbele tu. Kati ya fungu na ufukwe mara nyingi kuna bonde la chini zaidi, na bonde hilo ndilo linalojaa kwanza, mgongoni kwako, ukiwa bado umesimama pakavu. Ukitembea kwenda mbali maji yakiwa yamekupwa, anza kurudi mara tu yanaposimama, yaani yanapoacha kutoka na hayajaanza kuingia. Usingoje yaguse miguu.

Tukishaelewana hapo, naweza kusema kwamba maji yaliyokupwa si hasara. Matangazo ya hoteli huonyesha bahari iliyojaa peke yake, na wageni wakikuta mchanga mtupu wanahisi wamepunjwa. Mimi ningewaambia wavae raba kuukuu au yeboyebo na kwenda kutazama. Katika vidimbwi vilivyobaki kwenye mwamba utaona kiti cha pweza chenye mikono mitano, jongoo bahari aliyelala kama kipande cha bomba, kaa wadogo wanaokimbilia kwenye nyufa, na samaki wachanga waliojificha kwenye majani ya bahari wakisubiri maji. Majani hayo ndiyo malezi ya changu na tasi wengi wanaouzwa baadaye pale diko la Kunduchi, kwa hiyo kila hatua ichague mchanga au mwamba mtupu. Ukigeuza jiwe, lirudishe lilivyokuwa, maana viumbe vilivyokuwa chini yake hufa kwa jua muda mfupi ukiliacha limepinduka. Matumbawe hai usiyakanyage kabisa. Tawi la upana wa kiganja limechukua miaka kukua, na mwambao huu tayari uliumizwa vya kutosha na uvuvi wa baruti na uchimbaji wa matumbawe kwa ajili ya chokaa.

Raba si pambo. Wale viumbe wa duara wenye miba mirefu myeusi hukaa kwa makundi kwenye nyufa, na mwiba wao hukatikia ndani ya nyama. Taa, samaki bapa mwenye mwiba wa sumu mkiani, hujizika kwenye mchanga wenye maji haba. Ukiburuza miguu badala ya kuinyanyua, atakusikia na kukimbia kabla hujamkanyaga. Akikuchoma, tumbukiza mguu kwenye maji ya moto kadiri unavyoweza kuvumilia bila kuungua, kwa nusu saa hadi saa moja na nusu, kwa kuwa joto hupunguza nguvu ya sumu na maumivu, kisha nenda hospitali.

Kuogelea na kutazama samaki kwa miwani na mrija ni kazi ya maji mafu. Mkondo unakuwa mdogo, mchanga hautibuliwi, na kina hakibadiliki ghafla. Wakati mzuri zaidi ni saa ya mwisho ya maji kujaa, kwani maji yanayoingia hutoka bahari kuu yakiwa safi, ilhali yanayotoka hubeba tope la ufukweni. Baada ya mvua kubwa za masika kaa mbali na midomo ya mito. Mto Mlalakuwa, kwa mfano, hupita katikati ya makazi na kuleta baharini kila kilichotupwa ndani yake.

Kuna kitu cha pili mbali na mwezi, nacho ni upepo. Kusi huvuma kuanzia Aprili hadi Septemba na hukaza zaidi Juni hadi Agosti. Kaskazi huchukua nafasi Desemba hadi Machi. Kati yao, hasa Oktoba na Novemba, bahari hutulia sana na maji huwa maangavu, na ningekuwa na mgeni wa kutoka mbali ningemwambia aje wakati huo, ajiandae na jua, ambalo katika wiki ya pili ya Oktoba hupita juu ya utosi wetu kabisa. Msimu wowote uwao, asubuhi huwa shwari kuliko alasiri, kwa sababu nchi kavu ikishapata joto huvuta upepo kutoka baharini. Safari za boti zianze mapema. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ikitoa angalizo la upepo wa kilomita 40 kwa saa na mawimbi ya mita 2, huo si ujumbe wa wavuvi peke yao. Boti ya fiba iliyojaa abiria haiko salama katika mawimbi hayo, hata nahodha akisema ameyazoea.

Coco Beach ni habari nyingine. Watu huenda kula mihogo na mishikaki, na wengi hawaji kwa ajili ya kuogelea, lakini jioni ikifika utaona vijana majini. Ufukwe huo unatazama bahari wazi moja kwa moja, bila kisiwa cha kuukinga. Mawimbi yanaposukuma maji ufukweni, maji hayo lazima yarudi, nayo hutafuta njia moja yenye kina na kutoka kwa kasi. Njia hiyo huonekana kama ukanda ambao mawimbi hayavunjiki, maji yake yana rangi ya mchanga, na asiyejua huiona ndiyo sehemu tulivu ya kuogelea. Ukibebwa, usipambane kurudi moja kwa moja, maana hata muogeleaji hodari huchoka. Ogelea sambamba na ufukwe mpaka utoke kwenye ukanda huo, ndipo ugeuke kuelekea nchi kavu. Kama huwezi, elea na upunge mkono. Wanaotaka kumwokoa mwenzao warushe dumu tupu lililozibwa, kamba au boya. Baadhi ya wanaokufa katika ajali hizi ni waokoaji walioruka bila kitu.

Visiwa vya Bongoyo na Mbudya ndivyo vinavyostahili siku nzima. Pamoja na Pangavini na Fungu Yasini, vilitangazwa kuwa hifadhi mwaka 1975, na leo viko chini ya Kitengo cha Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu. Bongoyo huendewa kutoka Msasani, Mbudya kutoka Kunduchi, na vyote viwili vina fukwe upande unaotazama bara, zilizokingwa na mawimbi ya bahari kuu. Kiingilio cha hifadhi hulipwa mbali na nauli ya boti. Omba stakabadhi, kwa sababu fedha hiyo ndiyo inayolipa doria. Kabla ya kupanda, vaa jaketi okozi na ulifunge. Lililowekwa chini ya kiti halimsaidii mtu boti ikipinduka. Muulize nahodha maji yatakuwaje saa ya kurudi. Wakati wa bamvua, ukirudi maji yamekupwa, boti haitaweza kusogea ufukweni na mtatembea majini kwa umbali mrefu mkibeba mizigo na watoto, jambo linaloweza kuepukwa kwa kubadilisha saa tu.

Siku ambayo upepo hauruhusu safari, nenda kwenye magofu ya Kunduchi, penye msikiti wa kale na makaburi ya nguzo yaliyopambwa kwa vyombo vya kauri kutoka China. Hapo hakuna maji ya kuhesabu.

Wanaolala Mbudya kwenye mahema wataonana na kaa wa nazi, mkubwa kuliko kaa wote wanaoishi nchi kavu. Mchana hujificha kwenye mashimo ya mwamba na usiku hutoka kutafuta chakula, zikiwemo takataka za wageni. Hukua polepole sana, huishi miongo mingi, na katika sehemu nyingi za dunia amekwisha kwa kuliwa. Funga chakula chako kwenye chombo chenye mfuniko na ukitundike, mwangaze kaa kwa tochi kwa muda mfupi, na akikuelekea, mpishe. Asubuhi taka zote mlizokuja nazo zirudi nanyi kwenye boti ya kwanza.