Fundi Asibadili Kitasa

Fundi aliyeitwa kuziba bomba la jikoni hatarajiwi kubadili kitasa cha mlango wa mbele kisha aondoke na ufunguo wa pili mfukoni. Lakini ndivyo zitendavyo baadhi ya programu za kompyuta siku ya kusakinishwa, na wengi wetu tumezoea kunyamaza.

Kisa cha Sony BMG hakistahili kusahauliwa. Mwaka 2005 kampuni hiyo iliuza diski za muziki ambazo, zikitiwa katika kompyuta yenye Windows, zilisakinisha programu ya kuzuia kunakili nyimbo. Hatugombani na lengo hilo. Msanii ana haki ya jasho lake. Tunagombana na namna lilivyotekelezwa. Programu hiyo ilijificha ndani kabisa ya mfumo, wala masharti ambayo mteja alitakiwa kuyakubali hayakumwambia hivyo. Haikuja na njia ya kuiondoa. Aliyeifuta mwenyewe aliweza kukuta kompyuta haisomi tena diski yoyote. Mtaalamu Mark Russinovich aliifichua tarehe 31 Oktoba mwaka huo, na haukupita muda watunga virusi wakayatumia maficho yale yale. Mwezi Novemba kampuni ikaziondoa diski hizo sokoni. Mwaka 2007, katika mapatano na Tume ya Shirikisho ya Biashara ya Marekani, ilikubali kuwalipa walioharibikiwa kompyuta hadi dola 150 kila mmoja.

Programu iliyokaribishwa ina haki ya kuweka faili zake mahali pake na kuandika yale inayoyahitaji ili ifanye kazi. Lakini kivinjari alichokichagua mwenye kompyuta, ukurasa anaoufungua kwanza, na faili zinazotegemewa na programu nyingine, hivyo si vyake. Ikitaka kuvigusa, iombe. Na kisanduku cha kukubali kiwe kitupu mpaka mwenyewe akitie alama. Kwa miaka kadhaa Java ya Oracle ilikuja na upau wa Ask, kisanduku kikiwa kimekwisha kutiwa alama. Asiyesoma kwa makini aliondoka na asichokiomba. Kuiita hiyo ridhaa ni mzaha.

Tunawaomba maofisa wanaozinunulia programu shule na hospitali zetu kwa fedha za umma wadai, kabla ya kutia sahihi, orodha ya kila kitakachobadilishwa na maelezo ya namna ya kukirudisha kilivyokuwa.