Je, Wajua? Tope la Bandari Likivurugwa
Je, wajua kwamba tope chafu la bandarini huwa na nafuu likiachwa litulie? Risasi, shaba na zinki kutoka kwenye rangi za meli, karakana na mitaro ya mji hunasa kwenye chembe laini za tope. Chini, pasipo oksijeni, hufungwa na salfa. Ndiyo maana tope hilo ni jeusi na linanuka yai viza. Lianike juani uone: weusi hugeuka kahawia. Oksijeni imeingia, na kifungo kinalegea.

Mtambo wa kuongeza kina cha bandari huleta badiliko hilo hilo ndani ya maji. Metali huachiwa, mkondo huzisambaza, nao chaza na kome, ambao huishi kwa kuchuja maji, huzilimbikiza mwilini.

Suala hili linagusa pia Kilwa Masoko, ambako ujenzi wa bandari ya uvuvi ulizinduliwa 2023. Kitoweo cha bahari kinachopanda hadi Milola, huko bara mkoani Lindi, hutoka pwani hii ya Lindi na Kilwa. Kwa hiyo popote panapochimbwa, tope lipimwe kwanza, na lililochafuka lisimwagwe karibu na matumbawe wala mikoko.