Nani Alitunga Nyimbo Tunazofulia Nguo?

Mama wa Temeke akiwa uani anafua, redio ikipiga zilipendwa, utamsikia akiimba "Neema" au "Talaka ya Hasira" mwanzo hadi mwisho bila kukosea neno. Muulize ni nani aliyetunga. Atakujibu, "Si Sikinde hao!" Ni kweli, ni Mlimani Park, bendi iliyojiita kwa jina la ngoma ya Wazaramo. Lakini, msomaji mpendwa, bendi haitungi wimbo. Anayetunga ni mtu, mwenye mke, watoto na kodi ya nyumba.

Najua wapo watakaosema hizo ni nyimbo za baa. Sawa. Hata hivyo nyingi zilizungumza habari za ndoa, wakwe na watoto kuliko mahubiri mengine niliyoyasikia.

"Neema" ni utunzi wa Cosmas Thobias Chidumule. Mtunzi huleta maneno na sauti, kisha wenzake hukaa wakaujenga wimbo: besi, magitaa, tarumbeta na saksafoni, kila kimoja kikitafuta mahali pake. Fundi mkuu wa kazi hiyo pale Sikinde alikuwa Michael Enoch, aliyetoka Dar es Salaam Jazz, hodari wa gitaa na wa saksafoni. Wapenzi wa dansi walimwita King. Sisi wa majumbani tulimsikia kila siku bila kumjua. Hata kule Detroit, Marekani, wapigaji wa studio ya Motown hawakuwa wakiandikwa majina kwenye santuri mpaka mwaka 1971.

Miaka ya 1970 na 1980 bendi za Dar es Salaam zilirekodi Radio Tanzania, Barabara ya Pugu. Maneno yalikaguliwa kwanza. Kisha bendi nzima ilipiga kwa pamoja. Mmoja akikosea, wote wanarudia. Kanda ilibaki redioni. Kiwanda cha kuchapa santuri hatukuwa nacho, santuri zikatengenezwa Nairobi. Hivyo chakula cha nyumbani kilitegemea mshahara wa bendi, na bendi ilikuwa mali ya taasisi: NUTA Jazz ya chama cha wafanyakazi, Mlimani Park ya shirika la teksi na baadaye DDC. Mwanamuziki akihama, wimbo aliuacha nyuma.

Muhidin Maalim Gurumo alikuwa NUTA Jazz tangu 1964, akawa miongoni mwa walioanza Mlimani Park mwaka 1978, tena akaimba Safari Sound na Msondo. Alipostaafu mwaka 2013 alisema wazi kwamba muziki wa zaidi ya miaka 50 haukumpatia hata gari. Kijana Diamond Platnumz akamzawadia moja. Mzee Gurumo alifariki Aprili 2014.

Hapo ndipo mke wa mtunzi anapopaswa kutega sikio. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999, iliyoleta COSOTA, ilimpa mtunzi haki maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake, maana yake wajane na watoto ni warithi. Tatizo ni kwamba wimbo uliotungwa kazini huweza kuwa na mwenye mapato mwingine, yaani mwajiri, kutegemea mkataba. Mkataba huo uko wapi? Mara nyingi mama wa nyumbani hajawahi kuuona, na anaanza kuutafuta baada ya matanga.

Chidumule mwenyewe aliacha dansi, akamgeukia Bwana, akawa mwimbaji wa Injili.

Na kwaya zetu? Juzi nimefungua kabati langu nikatoa kanda za kwaya, za Kinondoni na za mikoani. Majina ya kwaya yapo, picha za waimbaji wakiwa na sare zipo, hata la mchungaji lipo. Jina la mwalimu aliyetunga nimelikuta kwenye mbili tu.