Mabonde ya Gusii Yalichimbwa na Maji

Ukisimama ukingoni mwa mwamba wa Manga, Kaunti ya Nyamira, ardhi inakatika ghafla mbele yako na mabonde ya Gusii, eneo la Kisii na Nyamira, yanatandaa chini. Ni rahisi kudhani kwamba nchi hiyo ilididimia.

Ardhi hushuka kwa njia mbalimbali. Bonde la Ufa lilitokea pale ganda la dunia lilipovutwa huku na huku, likapasuka, na kipande cha kati kikazama. Menengai, karibu na Nakuru, ni volkeno iliyobomokea ndani baada ya kutapika uji wake wa moto. Mabonde ya Gusii hayakuzama. Yalichimbwa na maji.

Kazi huanza na mvua, ambayo huku hupita milimita 1,500 kwa mwaka. Maji ya mvua hufyonza hewa ukaa angani na udongoni, yakawa asidi hafifu. Asidi hiyo huozesha basalti, mwamba wa volkeno za kale uliotanda sehemu kubwa ya Gusii: madini yake hugeuka mfinyanzi, na chuma kilichomo hushika kutu. Wekundu wa udongo wa Kisii unatokana na kutu hiyo. Tazama mahali barabara ilipokata kilima: juu pana udongo mwekundu, katikati mawe ya mviringo yanayobanduka maganda kama kitunguu, na chini kabisa mwamba wa kijivu ambao bado haujaoza.

Mwamba wa Manga ni kwatsaiti, jiwe lililojaa silika ambayo asidi hiyo haiiwezi. Basalti ilioza, mito ikaibeba; kwatsaiti ikabaki juu. Mto Gucha, unaotoka nyanda za juu za Nyamira na kumwaga maji Ziwa Victoria, hadi leo hubeba udongo huo kila mvua inaponyesha.

Sasa binadamu anauharakisha mchakato huu. Mteremko ukilimwa bila matuta, udongo ulioumbika kwa maelfu ya miaka huondoka kwa misimu michache. Chini bondeni, palipokuwa na matete ya kuunasa, watu hufyatua matofali na kupanda mikaratusi. Mwaka 2009 aliyekuwa Waziri wa Mazingira, John Michuki, aliagiza mikaratusi ing'olewe kando ya mito, lakini mingi ingalipo.

Mkulima wa mteremkoni, tengeneza matuta ya kukinga maji, panda nepia kwenye kingo zake, na uyaache matete ya bondeni yamee.