Majuto ni Babu: Kwa Nini Tulimcheka Mzee wa Tanga

Utangulizi

Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Katika makala haya naomba ruhusa niugeuze usemi huo: kwetu Sumbawanga, Majuto alikuwa babu. Namzungumzia marehemu Amri Athumani, mwigizaji ambaye nchi nzima ilimjua kwa jina la King Majuto, au Mzee Majuto tu. Swali langu ni moja: kwa nini yule mzee alituchekesha kiasi kile? Na je, sisi wanafunzi wa fasihi tuna haki ya kumjadili humu, kama tunavyowajadili akina Ebrahim Hussein na Penina Muhando?

Kilichonisukuma kuandika ni semina moja ya muhula uliopita. Mwenzetu mmoja alitoa hoja kwamba Majuto ni mhusika bapa: hakui, habadiliki, kila filamu ni yule yule, kwa hiyo hana cha kuhakikiwa. Darasa likacheka na mada ikafungwa. Mimi sikucheka. Nilimkumbuka babu yangu mzaa baba.

Nilikuwa darasa la tatu. Ilikuwa likizo ya mwezi wa sita, mahindi yameshavunwa, na baridi ya Ufipa ni ile ambayo mtu wa Dar es Salaam haamini kuwa ipo Tanzania. Mjomba alikuja kijijini kutoka mjini na televisheni ndogo, deki na jenereta la kuazima, akaweka CD ya Majuto. Babu alikuwa mtu mkali. Sisi wajukuu hatukuwahi kuyaona meno yake. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni: bei, kipimo, shikamoo. Kile cha Tanga, cha maneno ya haraka na mafumbo, kilimpita juu kwa juu. Basi filamu haijafika hata robo, mzee kwenye kioo anazihesabu upya noti zake kabla ya kutoa hela ya mboga, tukasikia sauti ngeni nyuma yetu. Kumbe Babu anacheka! Alicheka mpaka akavua kofia akajifuta machozi. Kisha akauliza kwa Kifipa: "Huyu mzee ni wa ukoo gani?"

Hakuna aliyemjibu. Ninachojaribu hapa ni kumjibu.

Shule aliyotoka

Amri Athumani alizaliwa Tanga mwaka 1948 na alianza kuigiza angali mtoto. Tukumbuke kwamba vituo vya kwanza vya televisheni Tanzania Bara vilianza mwaka 1994. Maana yake ni kwamba zama za televisheni zilipotufikia, Majuto alikuwa mtu mzima wa miaka 46 hivi, aliyekwisha kuiva mbele ya watazamaji walio hai, watu ambao usipowachekesha wanainuka na kuondoka.

Shule hiyo inaitwa kichekesho, na haina budi kuelezwa maana ndiyo ufunguo wa jambo lote. Kichekesho ni mchezo mfupi usio na mswada. Waigizaji hukubaliana juu ya kisa na kila mmoja ajue yeye ni nani. Maneno yenyewe huzaliwa jukwaani, papo kwa papo. Miaka ya 1980 vikundi vya sanaa vya Dar es Salaam, Muungano kikiwa kimojawapo, vilikuwa vikichanganya ngoma, sarakasi, taarabu na kichekesho katika onyesho moja. Mwigizaji wa namna hii yuko karibu zaidi na fanani wa ngano kuliko na mwigizaji aliyekariri tamthilia ya kitabuni. Anaisoma hadhira yake, anarefusha panapocheka, anakata panapopoa.

Hapo ndipo hoja ya mwenzetu inapoyumba. Kipimo cha mhusika bapa na mhusika duara tumekipata kwa E. M. Forster, aliyekieleza mwaka 1927 akizungumzia riwaya. Na Forster mwenyewe alikubali kwamba wahusika bapa hufaa hasa wanapokuwa wa kuchekesha. Sasa kwa nini tumpime fanani kwa rula ya riwaya? Sungura wa ngano zetu naye habadiliki, na hakuna anayesema hana cha kuhakikiwa.

Wala jambo hili si letu peke yetu. Italia, tangu karne ya 16, walikuwa na michezo isiyo na mswada ambamo mzee Pantalone, tajiri bahili anayewakodolea macho mabinti, alirudi jukwaani kila mara akiwa yule yule. Watu hawakwenda kuona kama amebadilika. Walikwenda kuona safari hii ataumbukaje.

Heshima, tamaa, aibu

Nikizitazama tena filamu za Majuto naona kicheko chake kinapita hatua tatu. Ya kwanza ni heshima: mzee anaingia, anapokea shikamoo, anaketi kama mwenye nyumba. Ya pili ni tamaa, ya pesa, chakula au binti wa watu. Hapa mwili unamsaliti kabla ya mdomo. Macho yanatoka, shingo inarefuka, halafu anakaa kimya kidogo. Kimya hicho, kwa maoni yangu, ndiyo kazi yake bora. Ni sekunde mbili tatu tu, lakini mtazamaji anaona mawazo yote yakipita usoni. Hatua ya tatu ni aibu.

Sasa tunaelewa Babu alicheka nini. Hakuhitaji msamiati wa Tanga. Heshima aliijua kwa kuwa aliibeba kila siku, na uzito wake aliujua kuliko sisi tulioinama kumwamkia.

Mbinu hii ilizidi kung'aa alipokutanishwa na Sharo Milionea, yaani marehemu Hussein Mkieti, aliyefariki kwa ajali ya gari mkoani Tanga Novemba 2012. Kijana anajidai kwa usharobaro wake, mzee anajidai kwa umri wake, na kejeli inawakata wote wawili. Hakuna upande unaotoka salama.

Mzee asiye mchawi

Nije kwenye jambo linalonigusa mwenyewe. Mwanafunzi akitaja chuoni kwamba anatoka Sumbawanga, utani ni ule ule: "Jamani, msimuudhi, atatuletea radi!" Tunacheka pamoja, hatuna neno. Lakini utani huo una mzigo. Katika vichwa vya wengi, mzee wa kwetu ni mchawi kabla hajafungua mdomo. Filamu zetu nazo zimesaidia: mara nyingi mzee akitokea humo, ama ni mganga, ama ni mchawi, ama yupo kutoa wosia na kufa. Na mzee anayeogopwa hayuko salama. Nchini kwetu wazee wameuawa kwa tuhuma za uchawi.

Majuto alitupa mzee wa aina nyingine. Mzee wake hana tunguli wala hekima ya kutisha. Ana njaa, ana ubahili, ana wivu, anaongopa na kukamatwa. Kwa maneno mengine ni mtu. Mila zetu nyingi zinamruhusu mjukuu kumtania babu yake, hata kumwita mume mwenza, mambo ambayo baba hayawezi. Majuto aliupeleka utani huo kwenye kioo, akawafanya watazamaji wote kuwa wajukuu. Usiku ule kijijini, kwa mara ya kwanza, mimi niliketi karibu na Babu bila kuogopa.

Sisemi kwamba hana dosari. Ziko kazi zake zilizotengenezwa harakaharaka, na ziko ambazo mwanamke ni chambo tu cha kumtoa mzee mate. Mhakiki asiyeona hilo atakuwa shabiki tu. Hata hivyo, dosari hizo ni sababu ya kumhakiki. Haziwezi kuwa sababu ya kumfungia mlango.

Hitimisho

Majuto alifariki Muhimbili tarehe 8 Agosti 2018. Mwaka huo huo, akiwa mgonjwa, suala la mikataba yake ya matangazo lilifika hadi kwa waziri mwenye dhamana ya sanaa, na ikaundwa kamati ya kuangalia mikataba ya wasanii. Hapo ndipo majuto yalipokuwa mjukuu kweli: nchi nzima ilikuwa imecheka kwa miaka, na ilichelewa kuuliza mzee analipwa nini.

Swali la Babu, basi, nalijibu hivi: Majuto ni wa ukoo wa mafanani, ule ule wa wasimulizi wa ngano za jikoni kwetu Ufipa, ambao nao hawakuandika kitu. Sauti zao zimepotea. Za Majuto ziko kwenye CD zinazokwaruzika masokoni, na hakuna mwongozo wa kuchapwa utakaozirithi. Tusipozihakiki sisi tuliozikulia, sijui atazihakiki nani. Mwenzetu wa semina ninamkaribisha anipinge katika toleo lijalo, ila kwanza akatazame filamu moja akiwa na babu yake.